Duka linatupa chakula: linatupa sisi, ao linatupa tu?

Maneno yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama na wageni, Katuba, Lubumbashi



Komite imetuomba, sisi tunaozunguka mitaani kwa kazi ya mradi, tueleze jambo moja kabla hamjapiga kura. Mezani kuna karatasi ya mapatano na supamaketi moja ya mjini. Inasema kwamba mara tatu kwa juma duka litakipa chama chakula ambacho haliwezi tena kukiuza. Ni karatasi fupi. Ufupi wake ndio unaotusumbua.

Kiswahili chetu kina mtego hapa. Ukisema "duka linatupa chakula", mtu hajui kama duka linatupa sisi, ao linatupa tu, kama mtu anavyotupa maganda ya ndizi. Tulipopita katika kartie kueleza mradi huu, mama mmoja aliutega mtego huo mbele ya watu wote: "Ile byakula bya kutupa, njo munatuletea? Siye tuko bantu, hatuko ngulube." Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Wengi wetu hapa tulikula posho ya kambini miaka mingi, Kala, Mwange, Meheba. Tunajua kusimama mstari na kadi mkononi, na tunajua unga wenye vidudu unavyonuka. Hatukurudi nyumbani ili tusimame mstari mwingine nyuma ya supamaketi. Kwa hiyo swali la mama yule tunalijibu polepole, tukianza na duka lenyewe.

Juu ya nini supamaketi inatupa chakula ambacho bado ni kizuri? Kwanza, rafu lazima ionekane imejaa. Mteja anayekuja saa moja ya jioni anataka kuona mikate mingi. Akikuta mitatu imebaki, anafikiri ni ya jana. Basi wanaoka mingi wakijua kwamba mingine itabaki. Pili, mteja mwenye pesa anachagua kwa macho. Tomati yenye doa inaachwa, ndizi iliyopiga madoadoa meusi inaachwa, ijapokuwa ndiyo tamu kuliko zote. Tatu ni njia. Sehemu kubwa ya vitu vya supamaketi zetu inatoka Zambia na Afrika Kusini, inapita Kasumbalesa. Mnayajua malori ya Kasumbalesa yanavyopanga mstari. Bidhaa iliyotoka kiwandani ikiwa na miezi mizuri mbele inaweza kufika Lubumbashi muda wake umeliwa barabarani. Nne ni umeme. Ukikatika, jenereta ikachelewa, yogati na kuku wa barafu wanaanza safari ya kuharibika kabla tarehe iliyoandikwa haijafika.

Angalieni vizuri sababu hizi nne. Tatu za kwanza zinatoa chakula kizima kabisa: mkate wa leo, tunda lenye doa, kopo ambalo tarehe yake iko karibu. Ya nne inatoa chakula cha hatari chenye tarehe nzuri. Vyote vinatoka kwa mlango mmoja wa nyuma, mara nyingi katika katoni moja. Kazi yetu yote iko hapo, kuvitenganisha.

Tuje kwenye tarehe, maana huko ndiko ugomvi mwingi unaanzia. Kuna tarehe za aina mbili, na watu wanazichanganya. Moja inasema chakula kiliwe kabla ya siku hiyo; kwa Kifaransa wanaandika "à consommer jusqu'au". Hiyo inawekwa kwenye vitu vinavyooza haraka: nyama mbichi, samaki, maziwa fulani. Ikipita, imepita. Usinuse, usionje, acha. Nyingine inasema ni vizuri kukila kabla ya siku hiyo: "à consommer de préférence avant". Hiyo ni ahadi ya kiwanda juu ya ladha. Biskuti inaweza kupoteza mlio wake mdomoni, kahawa inaweza kupoteza harufu, lakini makaroni makavu, mchele, sukari, chumvi, makopo mazima, haviwi sumu usiku wa tarehe hiyo. Vitu vya Zambia na Afrika Kusini vimeandikwa kwa Kiingereza: "use by" ni ile ya kwanza, "best before" ni ile ya pili. Hapo ndugu zetu waliosoma Zambia wana faida. Tumependekeza wao ndio wawe wasomaji wa tarehe, na kila jioni wasome wawili, si mmoja. Shule ya kambini ilitupa kitu.

Lakini tarehe peke yake haitoshi. Kopo lililovimba linakataliwa hata kama lina mwaka mbele, maana ndani yake kunaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Kopo lililobonyea kwenye mshono, vile vile. Mkate wenye ukungu haukatwi pembeni na kuliwa katikati. Ukungu una mizizi ambayo jicho haliioni. Unga wa mahindi na karanga zilizopata unyevu ni hatari zaidi, kwa sababu sumu ya ukungu wake, wanaiita aflatoksini, haimalizwi na moto wa kupika bukari, na inaharibu ini. Tunajua kuna mama atakayesema: "Lakini nitaianika kwenye jua." Jua linatoa unyevu tu, mama. Sumu inabaki.

Kuna vitu ambavyo tumeomba viandikwe wazi kwamba hatuvipokei, hata mkubwa wa duka akitubembeleza: nyama, kuku, tomson na samaki wengine wa barafu, yogati, keki za krimu, na chakula kilichopikwa. Wenye masomo ya afya duniani wanasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na cha baridi kikae chini ya digrii 5. Sisi hatuna frigo, tuna pusupusu. Kutoka mjini mpaka Katuba, katika joto la Oktoba, kuku wa barafu anafika analia maji. Vijidudu vikipata joto vinaweza kuongezeka mara mbili kila dakika ishirini hivi, na kuna vinavyoacha sumu ambayo hata ukichemsha tena haitoki. Siku tukipata frigo na umeme wa kuaminika tutaongea upya.

Na maziwa ya unga ya watoto wachanga hatupokei kamwe, hata yakiwa mapya. Hapa baadhi ya wamama walitushangaa. Sababu ni hii: mama akipewa kopo mbili za bure, mtoto anaanza kuliacha titi, maziwa ya mama yanapungua, halafu kopo zinaisha na mwezi haujaisha. Sasa mama hana maziwa yake wala pesa ya kununua, na maji ya kukorogea ndiyo haya yetu ambayo kila msimu wa mvua tunayaogopa juu ya kolera. Tangu 1981 kuna kanuni ya Mkutano wa Afya Duniani inayobana ugawaji wa bure wa maziwa hayo. Tuifuate.

Sasa tuseme kitu kilichotufanya tuombe nafasi hii ya kuongea. Duka moja, hatulitaji, lilisikia kwamba chama kinatafuta mapatano, likatuletea mzigo kabla hata ya mazungumzo. Ijumaa usiku, gari limejaa. Juu kulikuwa na mikate mizuri. Chini kulikuwa na saladi iliyogeuka maji, yogati zilizovimba, matunda ambayo nzi walikwisha kuyapata. Dereva alikuwa na bordero yenye kilo zote, akataka sahihi. Walinzi wetu wa usiku walikataa kutia sahihi mpaka mchana. Gari likamwaga, likaenda. Asubuhi tulilipa vijana wa kubeba uchafu ule kwa pesa ya chama. Duka lile lilitoa uchafu wake kwa bei ya bure, na kama sahihi ingetiwa, lingeitwa mfadhili.

Jambo hili halikuanzia Lubumbashi. Ufaransa, ambako kabla ya hapo maduka mengine yalikuwa yanamwagia chakula maji ya javel ili maskini wasichukue katika mapipa, walipitisha sheria Februari 2016. Inaitwa kwa jina la mbunge Guillaume Garot. Duka la chakula lenye zaidi ya mita 400 za mraba lazima liwe na mapatano na chama cha msaada, na ni marufuku kuharibu chakula kinacholika. Faini iliwekwa euro 3,750. Sheria ile inapanga ngazi: kwanza kuzuia chakula kisibaki, halafu kukitoa kwa watu, halafu kwa mifugo, halafu mboji ao nishati. Ni nzuri. Lakini maduka yanapunguziwa kodi asilimia 60 ya thamani ya yale wanayotoa, kwa kipimo kilichowekwa, na ukimlipa mtu kwa ajili ya kutoa bila kuangalia anatoa nini, mnajua atatoa nini. Ndiyo maana amri ya Desemba 2016 ilisema kazi ya kuchambua ni ya duka lenyewe, kwamba vyakula vyenye tarehe ya mwisho viwe na saa 48 mbele, isipokuwa chama kikionyesha kitavigawa kabla, na kwamba chama kinaweza kukataa. Tena kuanzia 2020 maduka yakalazimishwa kuwa na mpango wa kulinda ubora wa wanachotoa. Watu walikuwa na sheria, na bado miaka minne baadaye walihitaji kuongeza neno ubora.

Sisi huku tunaenda kwa mapatano tu. Kwa hiyo neno hilo lazima liwe katika karatasi yetu tangu siku ya kwanza. Katika ile iliyo mezani, halimo. Tunaomba mstari huu uongezwe: chama kina haki ya kukataa kitu chochote mlangoni pa duka, kabla hakijapakiwa, bila kueleza sana, na kitu kilichokataliwa kinabaki kuwa mali na mzigo wa duka. Ukikataa kikiwa kimekwisha kufika Katuba, umechelewa, kitaozea kwako.

Tuwe wa haki pia kwa mwenye duka. Yeye ana hofu mbili, na zote zina msingi. Ya kwanza, mtu akila na kuugua, jina la duka litaharibika. Ya pili, vitu vyake visionekane kesho yake katika soko ya Kenya, tarehe imefutwa, vinauzwa bei ya chini karibu na mlango wake. Hilo linatokea mjini, tusijifanye hatujui. Jibu letu ni kitabu kimoja na kalamu moja nene nyeusi. Kitabu kinaandika siku, saa, kitu, tarehe iliyosomwa, nani alisoma, na familia gani ilipokea. Mtu akiugua, tunajua alikula nini na nani mwingine alipewa kile kile, tunawafikia jioni hiyo hiyo. Kalamu inapiga msalaba juu ya mistari ya bei ya kila pakiti, mbele ya mtu wa duka. Pakiti yenye msalaba ikionekana sokoni, itajulikana imetoka wapi, na mwanachama aliyeiuza atajieleza kwa komite.

Wafadhili, neno hili ni lenu hasa. Katika fomu za ripoti mnatuuliza: kilo ngapi za chakula mmeokoa? Swali hilo, pamoja na nia nzuri, linatuvuta upande mbaya. Mzigo wa Ijumaa usiku ungetupa namba nzuri sana katika robo ile ya mwaka. Katoni ya tikiti lililooza ina kilo nyingi kuliko katoni ya mikate. Kama mnataka kilo, tuulizeni kilo zilizoliwa, na mtuulize vile vile kilo tulizokataa, na mtusifu kwa hizo. Tunahitaji vitu vidogo visivyopendeza katika picha: masanduku ya plastiki yanayooshwa, kipimajoto, malipo ya mtu wa pusupusu, sabuni, taa ya kuchambulia. Bila taa, tarehe haisomeki, na hakuna aliyejitolea anayependa kuonja yogati gizani.

Juu ya saa, tumeomba iwe saa kumi alasiri. Duka linataka saa mbili usiku, baada ya kufunga, kwa sababu mpaka dakika ya mwisho linatumaini kuuza. Tunaelewa. Lakini mkate wa saa mbili usiku utagawiwa kesho, na mzigo wa usiku hauchambuliwi. Tunaweza kukubali saa kumi na mbili. Zaidi ya hapo, hapana.

Mgawo sasa. Hapa timu yetu haina umoja, na ni afadhali mjue. Wengine wanasema wapewe wale walio katika shida kubwa tu: wajane, familia zenye mgonjwa, waliorudi karibuni. Wengine, nasi tulio wengi katika timu tuko upande huu, tunasema iwe kwa zamu kama likelemba: kila mwanachama ana siku yake, tajiri na maskini, na mwenye nacho ana ruhusa ya kupitisha zamu yake kwa jirani bila kutangaza. Hivyo mtoto anayetumwa kuchukua kikapu hatajulikana kama mtoto wa maskini, anachukua zamu ya nyumba yao. Juu ya mchango wa faranga kidogo kwa zamu, kwa ajili ya usafiri, mzee mmoja amesema huko ni kuuza, na duka limekataza kuuza. Sisi tunaona ni mchango wa njia, usiotegemea kilicho ndani ya kikapu; lakini lazima duka likubali kwa maandishi, vinginevyo mzee yuko sawa.

Jikoni hatuna mengi ya kuwafundisha wamama. Mkate uliokauka unakatwa vipande, unaingia katika moto mdogo, unakuwa biskoti ya watoto ya asubuhi. Tomati zenye doa zinapikwa siku ile ile. Ndizi nyeusi wote mnajua kazi yake.

Yanayobaki baada ya kuchambua, majani na maganda, yanakwenda kwa mboji. Changanyeni na majani makavu, mkigeuza kila baada ya siku chache. Mkiweka mabichi peke yake mtapata harufu na nzi, na majirani watalalamika kwa haki. Vijana wanaofuga ngulube wameomba mabaki. Mboga na maganda, ndiyo. Lakini kitu chochote kilichogusana na nyama ya ngulube, soseji, jamboni, hapana, kwa sababu homa ya ngulube inakaa katika nyama hiyo, inasafiri nayo, haina dawa, na ikiingia katika kartie inamaliza mabanda yote. Mmekwisha kuona mabanda matupu.

Tusizidishe ukubwa wa jambo hili. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema kwamba katika 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula madukani, mahotelini na majumbani. Asilimia 60 ilitoka majumbani, na maduka yalitoa 12 tu. Tena mjini kwetu supamaketi ni mahali pa wachache. Wengi tunanunua sokoni, na mama anayeuza tomati chini pale, mvua ikinyesha, anapoteza beseni zima. Tofauti ni kwamba hasara ya supamaketi imekwisha kuhesabiwa ndani ya bei, na ya mama haijahesabiwa popote. Tukimaliza kupanga mambo ya duka, tunaomba komite itupe ruhusa ya kuongea na wamama wa soko juu ya kivuli na masanduku, maana hapo ndipo wanachama wetu wenyewe wanapotupa pesa yao.

Kwa leo, tunaomba kura juu ya mambo manne tu: mstari wa haki ya kukataa mlangoni, saa ya kuchukua, orodha ya vitu tusivyopokea, na namna ya mgawo pamoja na mchango wa njia. Mstari wa kwanza ukikataliwa na duka, sisi wa timu tunashauri msitie sahihi, hata mengine yote yakikubaliwa. Baada ya chai, katibu atasoma kila jambo peke yake na mtainua mikono. Wanaotaka kuwa wasomaji wa tarehe waandike majina kwake kabla ya kutoka. Tunahitaji watu sita, wawili kwa kila siku, na tutafanya mazoezi Jumamosi hapa hapa, na makopo ya kweli.